Siku Niliyofungwa Mkononi Ukweni

Kosa la kwanza lilikuwa kanzu. Sina kanzu, sijawahi kuwa nayo. Mimi mtu wa Morogoro na shughuli zangu nyingi huzimaliza na fulana. Lakini safari hii nilikuwa navuka maji kwenda Unguja kujitambulisha kwa watu wa mchumba wangu, na rafiki yangu mmoja mwenye mikono mirefu kama ya twiga, kama twiga angekuwa na mikono, akaniazima kanzu yake. Ilinifunika mpaka ncha za vidole. "Utaikunja mikono," akasema. Nikaikunja. Ikawa inajikunjua kila nikipeana mkono na mtu, na siku ile nilipeana mikono na eneo zima la Ng'ambo, pale mjini Unguja.

Kosa la pili lilikuwa mdomo. Tulipomaliza kula tukatoka barazani, na Ami yake mchumba wangu, mzee mwembamba mwenye kofia iliyosimama kama imepigwa pasi hapo hapo kichwani, akaniuliza: "Mwanangu, bao walijua?"

Mtu mwenye akili zake hapo hujibu "kidogo kidogo, Ami". Mimi nikasema: "Sana."

Na sikuwa nadanganya, au ndivyo nilivyodhani. Miezi mitatu mizima nilikuwa nacheza bao kwenye simu, ndani ya daladala ya Mbagala, nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba. Ile programu nilikuwa naifunga mpaka naionea huruma. Tena nilikuwa nimesoma kwamba Mholanzi mmoja, Alexander de Voogt, alikuja Zanzibar kuwachunguza mafundi wa bao, akapata udaktari wake kule Leiden mwaka 1995. Nikajisemea, mtu anaitwa daktari kwa mchezo ambao mimi naumaliza kabla sijafika Zakhem! Hayo yote niliyamwaga pale barazani, nikaongeza kwamba Mwalimu Nyerere naye alikuwa mpenzi wa bao, kwa sauti ya mtu ambaye walikuwa wakicheza pamoja.

Ubao ukaletwa. Mashimo 32, safu nne za mashimo manane, kingo zimekuwa nyeusi kwa mikono ya watu. Kete zake komwe, zile mbegu za kijivu zinazoteleza kama zimepakwa mafuta. Nikazidaka na kuanza kuzipanga mbili mbili kila shimo, chap chap, kama simu inavyozipanga. Nikainua uso. Baraza kimya. Muuza kahawa ameacha kugonganisha vikombe vyake.

"Wafanyani, mwanangu?"

"Napanga, Ami."

"Hilo bao la kujifunza hilo. Wacheza watoto."

Akazizoa zote kwa kiganja kimoja. Kwenye shimo kubwa liitwalo nyumba akaniwekea kete sita, mashimo mawili ya kulia kwake mbili mbili, kisha zilizobaki, 22, akanitilia mkononi.

"Hizi za nini?" nikauliza.

Mzee mmoja aliyekuwa akiaga akarudi kukaa.

Kumbe bao la Kiswahili lenyewe ndilo hili. Unaanza na namua: kila zamu unaingiza kete moja kutoka mkononi, moja tu, mpaka ziishe, hapo ndipo mnaingia mtaji, yaani kucheza na zilizoko ubaoni tu, na mtaji nao una sheria zake. Ukila, yaani ukizoa kete za mwenzio, kwenye kichwa au kimbi, yale mashimo mawili ya mwisho kila upande wa safu ya mbele, upande wa kuanzia kusambaza umeshaamuliwa, huna hiari. Ukiishia kwenye nyumba yako baada ya kula, hapo unayo hiari, ulale, zamu yako iishie hapo, au uisafirishe, uzizoe kete zake uendelee kusambaza. Nyumba hiyo hiyo ikiwa na kete chini ya sita, inakuwa shimo kama mashimo mengine. Nilikuwa naitikia "eeh, eeh" kama mtu anayeelekezwa njia na mpita njia, anayejua fika kwamba mbele ataulizia tena.

Halafu kuna hii: ukiweza kula, lazima ule. Hata kama kula kwenyewe kunakumaliza. Sheria hii tu ndiyo niliyoielewa mara moja, kwa sababu nusu saa kabla mama mkwe alikuwa amenitumilia hiyo hiyo kwa sahani tatu za pilau.

Nikapewa heshima ya mgeni, nikaanza. Mimi nilicheza midomo ikinitembea, moja, mbili, tatu, nne. Ami hahesabu. Anautazama ubao kama mtu anayetazama saa, kisha mkono unapita: ta-ta-ta-ta, anazoa, anazunguka, anakula kwangu, anarudi kwake, anazoa tena. Kwenye chesi farasi akiruka unaona ametua wapi. Hapa kete moja inaondoka nyumbani inaamsha mtaa mzima, na yeye anajua itakapolala kabla hajaigusa. Zamu yake ya nne ilipolala, nyumba yangu ilikuwa imehamia kwake. Nilitafuta ilipopotelea kwa macho, kama mtu aliyepoteza mtoto Kariakoo.

Zamu yangu ya nane, basi, nikaona pa kula. Mashimo mawili ya mzee yamenona. Nikaingiza kete, nikanyoosha mkono kwa furaha kwenda kuzoa za upande wake, na mkono wa kanzu ukajikunjua.

Ukafagia. Sijui niseme vipi. Ulipita juu ya ubao kama ufagio wa chelewa. Kete zikaruka, nyingine chini ya benchi, moja ndani ya kikombe cha kahawa cha jirani yangu, akaitoa kwa kidole akaifuta kwenye msuli wake bila kusema neno.

Nilisikitika kwa uso. Rohoni nilishukuru. "Basi, Ami," nikasema, "tuhesabu sare."

"Sare ya nini?"

Akaanza kuzirudisha. Shimo kwa shimo, safu zote nne, zake na zangu, bila kusita, kama anaita majina ya wajukuu zake. "Hapa tatu. Hapa mtupu. Nyumba, tisa. Hapa moja..." Alipofika kwenye kimbi yangu akasimama. "Hapa zilikuwa tatu. Ziko mbili. Mkononi mwako 14, mwangu 15. Ubaoni 35. Naziona 34."

Watoto wakaingia chini ya benchi. Wazee wakainua makalio. Hakuna. Ami akanitazama. "Mwanangu, hebu nyanyua mkono."

Nikanyanyua. Nikaisikia. Ilitoka kwenye mkunjo wa kanzu, ikateremka mpaka kwapani, ikapita mbavuni, ikakwama kwenye mkanda wa suruali. Ikabidi nisimame mbele ya wakwe zangu na kujitikisa, mguu huu, mguu ule. Ikaanguka katikati ya viatu vyangu, tok.

"Katagaaa!" akapiga kelele mtoto mmoja.

Tukaendelea, Ami hakukubali niache. Nikamalizia zamu yangu kwa mkono mmoja, wa pili umeushika wa kanzu. Yeye akacheza moja tu, ndefu, ikazunguka mpaka nikapata muda wa kunywa kahawa. Ilipolala, safu yangu ya mbele haikuwa na kete hata moja, na kete 14 zilikuwa bado zinatoka jasho kiganjani mwangu.

"Mkononi!" likasema baraza zima kwa pamoja. Ndivyo kunavyoitwa kufungwa kabla hujamaliza namua. Mmoja akauliza, kwa upole kabisa, ni mkono upi hasa, wa mtu au wa kanzu.

Kuhusu posa, Ami alisema watanijibu. Nilipofika gatini Dar, simu ikalia ujumbe wa mchumba wangu, ambaye siku nzima alikuwa jikoni na hakukanyaga barazani:

"Mkononi, umeshafika?"