Zawadi za Pwani: Kwa Fundi au Dukani?

Anayeshuka Zanzibar, Lamu au Mombasa kutembea hupewa ushauri uleule: zawadi usinunue dukani, nenda kwa fundi mwenyewe. Sababu zinajulikana. Bei ya duka imebeba kodi ya pango, kamisheni ya aliyekuleta na faida ya mwenye duka, huku aliyesuka kapu ameambulia kidogo. Ushauri huo una nia njema na kwa baadhi ya bidhaa ni sahihi kabisa. Kwa nyingine unampotezea mnunuzi muda na fedha bila kumfaidi fundi yeyote, na ipo moja ambayo unaweza kumtia mkulima matatani.

Tuanze na bidhaa za ukindu, maana hapo ushauri una nguvu zaidi. Kazi yenyewe ni ndefu. Makuti machanga ya mkindu hukatwa yakiwa bado hayajafunguka, huanikwa juani mpaka yageuke meupe, huchanwa vipande vyembamba, na yanayotiwa rangi huchemshwa. Kabla ya kusukwa hulowekwa yalainike. Msukaji husuka ukili, yaani utepe mrefu unaopimwa kwa pima, kisha huunganisha ukili kwa ukili kwa kushona mpaka upatikane mkeka au kapu. Kwa mwanamke anayesuka baina ya shamba na jiko, mkeka mmoja wa kulalia ni kazi ya wiki nyingi. Mchuuzi hupita kijijini, hununua ukili au makapu kwa jumla na kuyapeleka mjini. Bei ya kijijini ndiyo inayobanwa kuliko zote, kwa sababu msukaji hana soko jingine na mchuuzi analijua hilo. Ukimfikia yeye mwenyewe na kulipa hata nusu tu ya bei ya Mji Mkongwe, kuna uwezekano mkubwa umemlipa zaidi ya mchuuzi.

Lakini duka nalo lina hoja. Kapu linalouzwa dukani mara nyingi limeshafanyiwa kazi ya pili: limetiwa bitana, zipu na mikono ya ngozi, na limechambuliwa. La kijijini hukaguliwa na wewe. Lipeleke puani kwanza, kwa kuwa ukindu uliohifadhiwa kabla haujakauka sawasawa huota ukungu, na harufu hiyo haitoki. Sugua sehemu yenye rangi kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Rangi ikibaki kwenye kitambaa, itabaki pia kwenye nguo. Vuta mshono wa kitako kwa vidole viwili, kwani kapu huanza kuachia hapo, penye uzito, kabla ya ubavuni. Hata mkeka mzuri huharibika ukikunjwa ukiwa mkavu kabisa, nyuzi hukatika kwenye kunjo. Upanguse kwa maji kidogo, uuviringishe, kisha uuanike tena ukifika.

Duka pia huweka mtaji mahali ambapo msukaji hawezi. Wapo wenye maduka wanaonunua taslimu msimu wa mvua, wageni wakiwa hakuna, na kukaa na mzigo miezi kadhaa. Wapo pia wanaochukua kwa mali kauli, na fundi hulipwa kitu kikiuzwa. Wa kwanza anastahili faida yake. Wa pili amehamishia hasara yote kwa fundi, na bei ya juu mlangoni kwake si rahisi kuitetea. Kwa macho tu huwezi kuwatofautisha, ila swali moja linasaidia: kapu hili limesukwa kijiji gani? Anayenunua mwenyewe hutaja Makunduchi, au kijiji fulani cha Pemba, bila kusita.

Kwenye viungo mambo yanageuka. Ziara za mashamba ya Kizimbani na Kidichi ni nzuri kwa kujifunza, na mwisho wake huwa kuna kibanda cha pakiti. Wengi hudhani hapo wananunua kwa mkulima. Pakiti nyingi hazikutoka kwenye miti waliyoonyeshwa, na bei imeshawekewa fungu la aliyewaleta. Sokoni Darajani, mjini Zanzibar, viungo hivyo hupimwa kwa mizani, robo kilo au nusu, na unaruhusiwa kunusa. Kilichosagwa kiache, hakikuambii umri wake wala kilichochanganywa ndani. Chukua vizima. Vanila njema huzungushwa kidoleni bila kuvunjika. Mdalasini laini ni magamba membamba mengi yaliyoviringishwa pamoja, ilhali gamba moja nene na gumu mara nyingi ni mti mwingine. Karafuu iwe na kichwa chake, na ukiibonyeza kwa ukucha mafuta yajitokeze. Ukizitia kwenye glasi ya maji, nzuri huzama au husimama wima, na zilizokwisha mafuta huelea zimelala. Angalia pia makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, ambayo huchanganywa kuongeza uzito. Kile kinachoitwa zafarani kwa bei ya pilipili si zafarani. Zafarani hailimwi Zanzibar, na yale ni maua mengine, wakati mwingine yametiwa rangi. Nyuzi za kweli hutoa umanjano polepole katika maji ya vuguvugu na zenyewe hubaki nyekundu.

Na ni kwenye karafuu ambako kwenda kwa mkulima kunaweza kumponza. Karafuu za wakulima wa Unguja na Pemba hununuliwa kwa sheria na Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar, ZSTC. Mkulima anayekupimia kilo kadhaa kutoka kwenye jamvi lake anauza nje ya utaratibu, na yeye ndiye atakayeulizwa, si wewe. Nunua pakiti yako ya jikoni sokoni.

Kanga haina fundi wa kumfuata. Huchapwa kiwandani, nyingine Tanzania na Kenya, nyingi India na China, kwa hiyo anayekuambia ya kwake imetengenezwa na mama fulani kijijini anakuuzia hadithi. Nenda Biashara Street Mombasa, Kariakoo au Darajani, wanakonunua wenyeji, na ununue doti nzima ambayo haijakatwa. Hakikisha jina, yaani ule msemo wa kanga, limechapwa sawa kwenye vipande vyote viwili na pindo halijapinda. Kanga mpya husimama kwa wanga, kwa hiyo ishike kwenye mwanga. Ikiwa unaona uso wa muuzaji kupitia kwenye kitambaa, baada ya kufuliwa mara mbili itakuwa chandarua. Chomoa uzi mmoja na uuchome: pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu, poliesta huyeyuka na kuganda kama punje. Fua ya kwanza iwe peke yake, kwa maji baridi.

Vinyago ndivyo vigumu kuamua. Sehemu kubwa ya vinavyouzwa visiwani haikuchongwa huko: vya Kimakonde hutoka Bara, na vya mawe laini hutoka Tabaka, Kisii. Kwa hiyo kununua kwa fundi Zanzibar mara nyingi ni kununua kwa mchuuzi aliyeshika patasi. Kama safari inapitia Dar es Salaam, Mwenge utawakuta wachongaji kazini. Mombasa kuna ushirika wa wachongaji wa Kikamba Changamwe, ulioanzishwa 1963, na karakana za Bombolulu, zilizoanza 1969, ambako mafundi ni watu wenye ulemavu. Ushirika una kasoro zake, kwani bei haipungui na kazi nyingi hufanana, lakini fedha hupita mikono michache.

Mpingo wa kweli ni mzito na ukitiwa majini huzama. Mti mwepesi uliopakwa rangi ya viatu utajulikana chini ya kitako, ambako wengi husahau kupaka, au kwa kitambaa chenye spiriti. Kinachowaumiza wengi ni ufa. Mpingo ukichongwa bado mbichi hutulia kwenye unyevu wa Pwani, kisha hupasuka ukifika Dodoma au Nairobi penye hewa kavu. Uliza ulikatwa lini, na ukifika uache ndani ya mfuko uliofunguliwa kidogo kwa wiki chache huku ukiupaka mafuta. Vitundu vidogo vyenye unga ni bungua, usikibebe. Mti wa mwarobaini humea upesi, wakati mpingo huchukua miongo mingi kukomaa, na kwangu hiyo ni sababu tosha ya kuchagua kinyago cha mwarobaini.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna jambo letu. Tunapata bei ya mwenyeji, na tunajua kupatana. Kwa mwenye duka mwenye pango na wasaidizi watatu, shusha upendavyo, naye atakataa isipomlipa. Kwa msukaji aliyekaa barazani na mahitaji ya jioni hiyohiyo, uwezo wa kukataa haupo, na kumbana hadi senti ya mwisho kwa lugha yake mwenyewe si ujanja. Na ukifika na mpiga debe au papasi, yaani dalali wa watalii, jua kwamba punguzo lako limeshagawanywa. Rudi peke yako.

Magamba ya kasa, matumbawe na kombe kubwa havinunuliwi popote, kwa fundi wala dukani. Biashara ya kimataifa ya kasa wa baharini imezuiwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, na tumbawe gumu na kombe kubwa huhitaji vibali ambavyo mchuuzi wa ufukweni hana. Makasha ni suala tofauti. Kasha la kale linahitaji kibali kutolewa nchini, na mengi yanayoitwa ya kale ni mapya yaliyopakwa chai na vumbi. Jipya la mninga au mvule lenye misumari ya shaba agiza kwa seremala: mpe vipimo, lipa arubuni ya nusu, fungua na ufunge kifuniko mara kadhaa kabla ya kumalizia, na risiti iandikwe kwamba kazi ni mpya, pamoja na mwaka wake.