Aliyekaa njaa ni seli, si shangazi

Juzi shangazi yangu wa Uyole, aliye mwezi wa pili wa dozi ya TB, aligoma kunywa uji. Uji wa ulezi wenye maziwa, kwa baridi hii ya Mbeya! Kisa ni klipu ya WhatsApp: funga saa 72, seli zijile, kinga ifufuke.

"Mwanangu, hii imepewa na tuzo ya Nobeli."

Tuzo ipo kweli. Yoshinori Ohsumi wa Japani aliipata mwaka 2016 kwa kazi aliyoifanya kwenye chembe za hamira, kuhusu otofaji, yaani huko seli kujila. Jina lenyewe lina umri zaidi. Christian de Duve alilitunga mwaka 1963. Seli huzungusha utando kwenye vitu vyake vilivyochakaa, ikavifunga kama furushi na kuvipeleka kwenye lisosomu, kifuko chenye vimeng'enya vya kuvikatakata.

Kinachonikera ni kwamba klipu inaishia kwenye "kusafisha", na utamu wa habari hii ndipo unapoanzia. Ndani ya seli za kinga, si kila kipande kinarudi kuwa malighafi. Vingine hupachikwa kwenye molekuli za MHC daraja la pili, vishikizo vya kuonyeshea vipande vya protini, na kuanikwa nje ya seli, ili seli T za CD4 zipite zikague. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, aliyewahi kumsindikiza ndugu kliniki analijua neno CD4, na ameambiwa ni askari. Sawa, lakini askari huyu haoni kilichojificha ndani ya nyumba. Anaona kilichoanikwa uani tu.

Mwaka 2005 watafiti walionyesha kwamba EBNA1, protini ya kirusi cha Epstein-Barr inayotengenezwa ndani ya seli yenyewe, hufika kwenye MHC kwa njia ya otofaji. Mwaka 2010 ikawa zamu ya panya: wale ambao seli zao za dendriti, seli za kinga zinazowaanikia CD4 vipande hivyo, zilikosa Atg5, jeni inayohitajika kwa otofaji, walishindwa kuziamsha CD4 sawasawa dhidi ya kirusi cha herpesi. Kwa hiyo mashine hii si fagio tu. Ndiyo inayomletea askari ushahidi.

Na TB? Bakteria wake hukaa ndani ya makrofaji, seli za kinga zinazomeza vijidudu, na kuzuia kifuko walimo kisiungane na lisosomu. Mwaka 2004 ilionekana kwamba otofaji ikichochewa, kizuizi hicho hulegea na bakteria hupungua. Njia mojawapo ya kuichochea ilikuwa kuzinyima seli asidi amino. Seli, kwenye visahani vya maabara. Nadhani hapo ndipo watu wa klipu walipookota "funga". Mgonjwa wa TB aliyekonda mpaka gauni linamvuka anahitaji dawa zake na chakula, na anayemwambia akae njaa siku tatu anamdhuru, hata akitaja tuzo kumi.

Nilimweleza hayo yote, kwa Kiswahili hiki hiki. Akanitazama kitambo.

"Basi lete huo uji. Punguza sukari."

Akanywa vikombe viwili. Klipu alikuwa ameshaituma kwenye kundi la kwaya.