Tela la kulala au hema: hesabu ya usiku tisa

Shemeji yangu wa Moshi ametuma picha kwenye kundi la familia. Ni karavani, yaani tela la kulala: jeupe, madirisha matatu, mlango pembeni, ndani vitanda vinne, sinki na jiko la gesi. Mwenye tela anahama nchi, anataka milioni 15. Chini ya picha shem ameandika: "Jamani, likizo za gesti basi. Sasa tunavuta nyumba yetu wenyewe." Nikamuuliza, "Shem, na hema letu tunalipeleka wapi?" Akajibu, "Shem, hema ni la msibani."

Nilicheka, kisha nikaona utani ule una watu wengi nyuma yake. Sidhani kama ipo miji mingine nchini inayokula kwa hema kama Arusha na Moshi. Vijana wetu wanayabeba hadi kambi ya Barafu, Kilimanjaro, mita 4,673 juu ya bahari. Wapishi wetu wanakoroga supu ya maboga ndani ya turubai huko Seronera, Serengeti, upepo ukizima jiko mara tatu. Mafundi wanayashona, kina mama wanayafua, madereva wanayafunga juu ya gari. Muulize mmoja wao ni lini alisimamisha hema akawalaza humo watoto wake mwenyewe. Atakutazama kama umemwambia kondakta wa daladala aende likizo ya kupanda daladala. Hema kwetu ni la kazini, na lisipokuwa la kazini basi ni la mgambo, la wakimbizi au la matanga.

Karavani nayo ina hoja zake, tena za maana, na shem hakukurupuka. Anamfikiria mama yake, ambaye kwangu ni mama mkwe. Mama ana magoti. Kuinama kuingia hemani anaweza. Kuinuka kutoka kwenye godoro lililolazwa chini saa kumi alfajiri ndiyo shughuli. Kwenye karavani kuna kitanda cha kukalia, mlango wa kusimama wima na ufunguo wa kufungia vitu mkienda kutembea. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, mnakaa mezani mnacheza karata huku chai inachemka. Nyani hawafungui mlango wa bati kirahisi kama wanavyochana turubai wakinusa mkate. Na yapo mambo ambayo wanaume hatuyasemi barazani: binti aliyevunja ungo anahitaji mahali pa kubadilishia nguo bila kulala chali akihangaika na suruali.

Walioanza mambo haya hawakuwa wajinga pia. Huko Uingereza daktari mstaafu wa jeshi la majini, Gordon Stables, alitengenezewa gari la kulala la kukokotwa na farasi mwaka 1885 akazunguka nalo nchi nzima. Mwaka 1907 wenye magari ya aina hiyo wakaunda chama chao. Neno karavani lenyewe asili yake ni Kiajemi, maana yake msafara. Sisi tuliokuwa na misafara ya kweli, iliyopanda kutoka Pangani hadi Moshi na wapagazi wake, tulilala kwenye hema. Ila tusiidharau karavani kwa sababu ya asili yake. Kule ina lami hadi kambini, umeme wa kuchomeka ukifika, fundi wa karavani kila mkoa na soko la mitumba la kuuzia ukichoka. Ukiing'oa kwenye mazingira hayo ukaileta Boma Ng'ombe, unakuwa umeleta nusu ya kifaa.

Tuanze na uzito. Karavani ya watu wanne huwa na kilo 1,200 hadi 1,500 kabla hujapakia unga, maji na mtungi wa gesi. Waingereza hushauriana kwamba tela likiwa limejaa lisizidi asilimia 85 ya uzito wa gari linalolivuta, la sivyo tela ndilo litakaloliendesha gari. Noah ya shem, ile ya zamani ya injini ya lita mbili, inakaribia kilo 1,500. Asilimia 85 yake ni kilo 1,275. Kwa hiyo tela tupu lenyewe limeshamaliza karibu ruhusa yote, au limeipita, na unga haujapakiwa. Hema letu la watu watano, pamoja na vigingi na nyundo yake, lina kilo 20, na kilo 20 ndio mzigo anaoruhusiwa mpagazi mmoja Kilimanjaro. Karavani ndogo kabisa ya familia ni mzigo wa wapagazi 60.

Barabara tunazijua. Kutoka Sakina hadi Tengeru kuna njia nne, raha tupu. Baada ya hapo ni nyembamba hadi Moshi: matuta, vibao vya 50, bodaboda inayochomoka kwenye mgomba, na basi nyuma yako linalowasha taa kukuambia usogee. Usogee wapi na nyumba? Ukitaka Lushoto, kuna zaidi ya kilometa 30 za kona kutoka Mombo, bonde upande mmoja na mwamba upande wa pili. Ukitaka Ngorongoro, lami inaishia geti la Lodoare, na kushuka kreta ni kwa gari la kuvuta magurudumu yote manne tu. Tela litakusubiri juu. Katika hifadhi za taifa gari hutozwa kwa uzito wake pale getini, wakati mtoto wa chini ya miaka mitano anaingia bure. Mizani ya serikali imeshachagua upande.

Lakini haya yote yana majibu. Shem anaweza kununua Land Cruiser, anaweza kwenda ufukweni Tanga tu ambako lami inafika karibu. Hesabu ninayoshindwa kuijibu, na ambayo nimeirudia mara nyingi hadi mke wangu kaificha kalamu, ni ya usiku.

Mwaka jana niliandika kwenye kalenda ya jikoni kila usiku ambao familia yetu ililala nje kwa starehe. Si safari za misiba, si harusi. Ulitoka usiku tisa: mitatu Juni shule zilipofungwa, miwili wikiendi ya Nane Nane, minne Desemba. Pasaka na Muungano tulikaa nyumbani kwa sababu Aprili ni masika, na mwenye akili halali nje Aprili. Usiku tisa, na sisi tunajisifu kuwa watu wa kutembea.

Sasa gawanya. Tuseme tela linanunuliwa kwa milioni 15, linatumika miaka kumi, linauzwa milioni 5, akipatikana wa kulinunua. Thamani iliyopotea ni milioni 10, yaani milioni moja kwa mwaka. Milioni moja kwa usiku tisa ni shilingi 111,000 kwa usiku, na hapo hujaweka mafuta ya ziada, namba yake ya usajili, wala matairi, ambayo huzeeka kwa miaka hata yasipotembea. Kwa fedha hiyo unalaza familia vyumba viwili vyenye chai ya asubuhi na mtu mwingine anatandika vitanda. Tuseme hema na vikorokoro vyake vyote, magodoro, jiko, taa na viti, ni shilingi 900,000, na vinadumu miaka mitano tu maana watoto hawana huruma. Ni 180,000 kwa mwaka, 20,000 kwa usiku.

Na usiku 356 uliobaki? Hema linalala juu ya kabati. Tela linalala uani, linakula nafasi ya gari, kuku wanataga chini yake, na mvua ya masika inatafuta mahali pa kuingilia. Adui mkubwa wa karavani ni unyevu unaopenya kwenye maungio ya paa na kuozesha mbao zilizofichwa ukutani, kimyakimya, hadi siku unapoegemea ukuta ukabonyea. Mpira wa dirisha lake ukichanika, unaagiza ng'ambo. Zipu ya hema letu ilipokufa Julai nililipeleka kwa fundi viatu karibu na soko la Kilombero. Akabadilisha kichwa cha zipu kwa shilingi 3,000, akaniuliza kama ninauza mahindi ya kuchoma ndani yake.

Haki itendeke: hesabu hii inageuka usiku ukiongezeka. Mtu anayelala nje usiku 40 kwa mwaka anashusha tela hadi 25,000 kwa usiku, na hapo mazungumzo yanabadilika. Mkandarasi anayehamahama na mradi, mstaafu mwenye muda, mfugaji nyuki mwenye mizinga mbali na nyumbani, hao wakinunua nitawasaidia kusukuma. Mwajiriwa wa siku 28 za likizo, ambazo nusu zinaishia kwenye vikao vya ukoo, simwoni akifika 40.

Gesti? Wengi mtaniambia kwa bei hiyo ya tela ni heri gesti, na ni kweli. Gesti ni nzuri mjini. Kando ya ziwa Chala hakuna mji.

Nirudi kwa mama mkwe, maana ndiye hoja kubwa ya shem. Karavani ina chumba kimoja. Vitanda vinatenganishwa na pazia linaloteleza kwenye waya. Shem, umelifikiria pazia hilo? Mimi mkwe nilale upande huu nikikoroma, mama upande ule, na asubuhi anitazame usoni? Mke wako naye, atavaa khanga saa tisa usiku ampite mama mkwe wake aende nje? Hema lina jibu la adabu: unasimamisha jingine. La mama unaliweka hatua ishirini kando, refu la kusimama, lenye kitanda cha kukunja kilicho juu kama cha nyumbani, na mjukuu mmoja wa kumsindikiza usiku. Magoti yamepona bila kununua tela. Na binamu wawili wakidandia safari dakika ya mwisho, kama wanavyodandia siku zote, hakuna anayehesabu vitanda.

Sisemi hema ni pepo. Usiku wetu wa kwanza kambi ya Simba, ukingoni mwa kreta, tulilala kama watu wa Moshi waliofikiri baridi ni maneno. Hewa hupoa takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kutoka Moshi mjini hadi ukingo ule ni kama nyuzi tisa, na zote zinapita chini ya mgongo. Tulijifunika mablanketi matatu, tukatandika moja. Ilitakiwa iwe kinyume. Alfajiri hema lilikuwa linatoka jasho kwa ndani, matone yanamwangukia mtoto usoni, kwa sababu nilifunga matundu yote nikidhani nazuia baridi. Mwenzetu wa hema jirani alitaka kuingiza jiko la mkaa. Tulimkatalia kwa ukali: moshi usioonekana wa mkaa unaua watu usingizini, hemani na kwenye karavani vilevile.

Usiku huohuo mtoto wa kati akaniamsha anataka kukojoa. Nikafungua zipu nusu, nikasikia majani yakikatwa: kra, kra, kra. Pundamilia alikuwa amesimama karibu na kamba ya hema, anakula, mkia unapiga turubai taratibu. Tulikaa tumeshikana mikono, tunanong'ona, hadi akasogea. Nimejaribu kufikiri kama karavani ingetupa kelele ile ya meno, na nakiri kwamba shem angesema ndiyo maana alitaka karavani.

Ukiamua hema, usiende dukani mbio. Kwenye masoko ya mitumba ya Kiboriloni na Memorial, Moshi, hutokea mahema na mifuko ya kulalia. Lisimamishe palepale sokoni, hesabu vyuma, linuse. Harufu ya ukungu haitoki. Kama lina kibandiko, tafuta namba ya kuzuia maji, yaani kimo cha maji ambacho kitambaa hustahimili kabla ya kuvuja: milimita 3,000 inavumilia mvua za kwetu, 1,000 ni kivuli tu. Na Aprili, wapanda mlima wakipungua, wenye kukodisha vifaa husikiliza bei.

Desemba tulifika Marangu tukakuta nyumba imejaa hadi sebuleni. Mashangazi watatu kitanda kimoja, wa Dar wamechukua chumba cha wageni, na mtu kalala kwenye Prado. Tukasimamisha hema kihambani, kati ya migomba na zizi. Watoto wote wa ukoo wakahamia humo, tisa ndani ya hema la watano, na hawakutoka hadi chai. Usiku wa pili babu yao alikuja na tochi, akakanyaga kigingi kuona kama kimeshika, akauliza, "Hili linaingia wangapi?" Asubuhi tukamkuta humo, amelalia blanketi mbili, amejifunika moja.

Juzi shem ameandika tena: mwenye tela amepunguza milioni mbili. Nimetafuta kalamu. Usiku mmoja umeshuka hadi shilingi 89,000, na mama mkwe bado yuko nyuma ya pazia.