Ari ya mchezaji wa kulipwa ni mzigo wa nani?

Timu ya Kusini ikipoteza mechi tatu mfululizo, mjadala kwenye vijiwe vya kahawa vya Chikongola na Ligula hapa Mtwara huwa na hukumu moja: wachezaji hawana morali, na kocha ameshindwa kuwapandisha ari. Ni nadra kusikia swali linalopaswa kutangulia, yaani kama mtu mzima aliyesaini mkataba na kulipwa mshahara ili acheze mpira anahitaji kweli mtu mwingine wa kumtia hamu ya kuifanya kazi hiyo. Muuguzi haingii zamu ya usiku kwa sababu mganga mkuu amemhutubia mlangoni.

Wanaosema kocha hahusiki wana hoja nzito kuliko inavyodhaniwa. Kwao, kazi ya kocha ni mbinu, mazoezi na upangaji wa kikosi, na ari ni sehemu ya taaluma ambayo mchezaji anatakiwa kuja nayo kambini. Wanaweza kumtaja Alphonce Simbu, ambaye mwezi Septemba 2025 aliipatia Tanzania medali ya kwanza ya dhahabu katika mashindano ya dunia ya riadha, baada ya kumpita Mjerumani Amanal Petros kwa tofauti ya sekunde 0.03 mwishoni mwa marathoni ya Tokyo. Katika mita zile za mwisho hapakuwa na mwalimu wa kumsukuma. Mfano huo una nguvu, lakini hautoshi kwa soka. Mkimbiaji akishajipanga mstarini, hakuna anayeweza kumzuia kukimbia, ilhali mchezaji wa mpira anaweza kuwa fiti, akajituma mazoezini wiki nzima, kisha akasugua benchi kwa uamuzi wa mtu mmoja.

Upande wa pili hupenda kesi ya Leicester City. Claudio Ranieri aliipa timu hiyo ubingwa wa Uingereza mwaka 2016, akatimuliwa Februari 2017 ikiwa inanusa kushuka daraja, na mara tu msaidizi wake, Craig Shakespeare, alipokabidhiwa timu, wachezaji walewale wakashinda mechi tano za ligi mfululizo. Wengi huitumia kuthibitisha kwamba kocha ndiye chanzo cha ari. Mimi naiona inakata kotekote: kama miguu ile ilikuwa na uwezo wa kukimbia vile mwezi Machi, kwa nini haikukimbia mwezi Januari, wakati mishahara ilikuwa ikiingia? Kuna sehemu ya lawama ambayo mchezaji wa kulipwa hawezi kumwachia mwalimu aliyefukuzwa.

Wanasaikolojia wa Marekani, Edward Deci na Richard Ryan, wanatusaidia kulitenganisha jambo hili. Nadharia yao inasema kwamba ari inayodumu hutoka ndani ya mtu, na hustawi pale anapojiona ana sauti katika anachokifanya, anapojiona anakiweza, na anapojisikia ni sehemu ya wenzake. Ukiyatazama mambo hayo matatu kwa macho ya kambi ya mpira, utagundua kwamba kocha hawezi kumpa mchezaji hata moja kwa hotuba ya chumba cha kubadilishia nguo, lakini anaweza kuyaua yote kwa wiki moja. Chukua winga aliyeanza mechi nne, kisha Jumamosi akasoma orodha na kukuta jina lake halimo hata miongoni mwa wachezaji wa akiba. Akiitwa pembeni baada ya mazoezi, akaelezwa kwamba harudi kumsaidia beki wake na akaonyeshwa wapi asimame, ataudhika, lakini Jumatatu atakuwa na kitu cha kufanyia kazi. Asipoelezwa chochote, atajitafutia sababu mwenyewe, na kwa kawaida ataipata kwenye fitina. Dakika tano za maelezo ni wajibu wa kocha, na hapo simwonei huruma.

Ninapomwonea huruma ni pale anapobebeshwa yasiyo yake. Huku kwetu, klabu huwa na wafadhili wachache, na safari ya kutoka Ruangwa kwenda kucheza Kaitaba, Bukoba, ni ya kuvuka nchi kutoka kona moja hadi nyingine. Mshahara ukichelewa, kiongozi humwambia kocha azungumze na vijana, kana kwamba maneno yanalipa kodi ya nyumba. FIFA yenyewe hailioni hivyo. Tangu mwaka 2018 kanuni zake zinamruhusu mchezaji anayedai mishahara ya miezi miwili kuvunja mkataba, baada ya kuiandikia klabu na kuipa angalau siku 15 za kulipa. Anayedaiwa hapo ni klabu, wala benchi la ufundi halitajwi.

Zaidi ya hayo, tunaipa morali sifa na lawama zisizo zake. Namungo ya Ruangwa ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20 na kucheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam dhidi ya Simba huko Sumbawanga, ikafungwa 2-1. Msimu uliofuata ilifika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika na kupoteza mechi zote sita. Aliyetaka kusema vijana waliridhika angeweza kusema, lakini kundini alikuwamo Raja Casablanca ya Morocco, ambaye ndiye aliyelitwaa kombe hilo mwaka 2021. Kuna siku ambazo mpinzani ni bora tu, na hakuna kocha wa kulirekebisha hilo kwa kupiga kelele.

Kwa hiyo viongozi wanaotaka kumwita kocha kikaoni kwa sababu timu imepoa waanze na daftari la mishahara na posho. Likiwa na madeni, kikao hicho ni chao wao. Likiwa safi, ndipo wamuulize anachokimiliki kweli: ni lini mara ya mwisho aliongea na wale anaowaacha nje, na kama nahodha anajua kwa nini mfumo umebadilishwa. Majibu yakiwa mazuri na uwanjani watu bado wanatembea, basi dirisha dogo la usajili, lile la katikati ya msimu, lipo, na safari hii anayefungasha mizigo asiwe kocha.