Udongo wa Akwariamu Yenye Mimea: Usiuguse Bure, na Ukiugusa Utoe Wote

Akwariamu ambayo mimea yake imeshika vizuri haihitaji udongo mpya kwa sababu tu imetimiza miaka miwili. Wafugaji wengi wa samaki wa mapambo wameambiwa kwamba udongo una muda wake, ukipita lazima ubadilishwe, na wanaanza kuchimbua tangi ambalo halikuwa na tatizo lolote. Mimi napinga. Udongo wa zamani uachwe mpaka wenyewe uonyeshe kwamba umeshindwa. Na siku ukishindwa, utolewe wote kwa mara moja, samaki wakiwa wamehamishwa. Hii ya kubadilisha robo leo na robo wiki ijayo, huku samaki wamo ndani, ndiyo inayonisukuma kuandika.

Tuanze na huo udongo wenyewe. Punje zake zimevaa utando wa bakteria wanaogeuza amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki, kuwa nitriti, na wengine wanaogeuza nitriti kuwa nitrati ambayo mimea huila. Kinyesi cha samaki na majani yaliyooza yamezama humo na kuwa mbolea. Mizizi ya Cryptocoryne na Echinodorus, mimea inayokula sana kwa mizizi, imesambaa pande zote. Ule udongo wa punje za mfinyanzi unaouzwa dukani kwa bei ya juu una sifa nyingine: unavuta na kushika potasiamu, amonia na madini mengine hadi mizizi iyafuate. Sifa hiyo haipotei udongo unapozeeka. Kinachokwisha ni chakula ulichokuja nacho, pamoja na nguvu yake ya kushusha pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, ya maji.

Chakula kinarudishwa bila kufukua kitu. Vidonge vya mbolea vya kuchomeka ardhini vinafanya kazi hiyo. Unakisukuma kimoja karibu na mizizi ya mmea mkubwa, unafunika, basi. Anayedhani mmea wa majini hauwezi kustawi bila udongo wa kifahari aiangalie Vallisneria katika Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika: imeota kwenye mchanga, tena katika maji ya alkali. Kwa hiyo majani yakipauka, kabla hujanunua mfuko wa udongo, jaribu vidonge na uangalie majani mapya. Yale ya zamani hayaponi, hivyo usiyatumie kupima.

Zipo hali ambazo udongo umefika mwisho kweli. Punje zimesagika zikawa tope zito, maji hayapenyi tena, na ukichomoa mche unatoka na mizizi myeusi iliyooza inayonuka yai viza. Harufu hiyo ni ya haidrojeni salfaidi, gesi inayotengenezwa mahali pasipo na oksijeni, nayo ni sumu kwa samaki. Lakini viputo vichache vinavyopanda ukigusa udongo si ugonjwa. Matangi mengi yenye afya huvitoa.

Sababu ya pili ya kuutoa udongo naiona zaidi kwa sisi tulio karibu na bahari. Mchanga wa ufukweni umejaa vipande vya gamba na matumbawe, yaani kalsiamu kaboneti, na huo huyeyuka taratibu na kupandisha ugumu wa maji pamoja na pH. Samaki aina ya gapi wanavumilia, wengine hunawiri kabisa. Tetra wa maji laini wanateseka. Chukua mchanga mkavu kiasi cha kijiko, udondoshee siki. Ukitoa povu, umepata jibu. Mchanga wa namna hiyo hauna vidonge vya kuutibu, ni kuutoa tu.

Sasa nije kwa mtindo wa kubadilisha kipande kwa kipande. Wanaoutetea wana hoja moja yenye uzito: kwamba ukiondoa udongo wote umeondoa na bakteria. Hoja hiyo ingetosha kama bakteria wangekuwa ardhini peke yake. Hawako hivyo. Wamejaa kwenye chujio, ambako maji yenye oksijeni hupita saa zote, wamo pia juu ya magogo, mawe na majani. Ukilinda chujio umelinda sehemu kubwa ya jeshi hilo.

Upande wa pili wa mizani ni mzito kuliko wanavyokubali. Kila kipande unachochota kutoka kwenye udongo wa zamani kinaachia tope, amonia na gesi zilizokuwa zimefungiwa chini, na samaki anavuta vyote hivyo kwa mashavu yake. Wiki ijayo unamrudishia, na ile inayofuata tena. Ukali wa amonia hiyo unategemea pH. Kwenye maji ya nyuzi joto 25, pH ikiwa 7, karibu nusu asilimia tu ya amonia ndiyo iko katika umbo linaloua. pH ikiwa 8, inafika kama asilimia 5, mara kumi zaidi. Anayetumia maji magumu ya kisima aliweke hilo akilini, maana kipimo kilekile cha amonia ambacho tangi la jirani lilikivumilia kinaweza kummalizia samaki wake. Na baada ya taabu yote hiyo, tope la upande ambao haujafikiwa linateremkia upande mpya, kwa hiyo unamaliza kazi ukiwa na mchanganyiko usio mpya wala wa zamani.

Nakubali ubaguzi mmoja: tangi kubwa, samaki wachache, na sakafu ya changarawe safi isiyo na kina. Hapo kwenda kidogo kidogo hakuna madhara makubwa.

Kazi ya siku moja inaanza kabla ya siku hiyo. Tangi lenye kitako cha sentimita 60 kwa 30, ukitaka kina cha sentimita 5, linameza lita 9. Mchanga wa mto unaouzwa kwa wajenzi unafaa na bei yake ni ndogo. Uchekeche, uoshe mpaka maji yatoke meupe, upime kwa siki. Udongo wa punje uliotiwa mbolea hutoa amonia nyingi wiki za mwanzo, basi uloweke kwenye ndoo pembeni na kubadilisha maji mpaka kipimo kisome sifuri. Tafadhali usichukue mchanga mbichi, magugu wala konokono kutoka pembezoni mwa ziwa ukavitia nyumbani. Konokono wanaobeba kichocho, Biomphalaria na Bulinus, hukaa hasa kwenye mimea ya kingoni, na mikono yako ndiyo itakayoingia kwenye hayo maji.

Siku yenyewe, jaza ndoo na beseni kwa maji ya juu ya tangi yakiwa bado safi, hamishia humo samaki, na chujio lifanye kazi kwenye beseni lao. Usilizime na kuliacha limefungwa, kwa sababu bakteria wake watakosa oksijeni, na usiwahi kulisuuza siku hiyo kwa maji ya bomba yenye klorini. Mimea ifunikwe kwa gazeti lililolowa. Anubias iliyofungwa kwenye gogo inanyanyuliwa na gogo lake. Kisha mwaga maji yote yaliyobaki na kuchota udongo wote hadi kioo, ufute tope la pembeni. Weka udongo mpya, panda maji yakiwa kina cha vidole viwili vitatu, halafu jaza polepole juu ya sahani ili usichimbe mashimo. Maji mapya yatiwe dawa ya kuondoa klorini na yalingane joto na yale ya beseni kabla samaki hawajarudi.

Cryptocoryne huenda zikayeyuka majani yote ndani ya siku chache. Ziache. Mzizi ukiwa mgumu, majani mapya yatatoka, na wanaozing'oa kwa kudhani zimekufa wanapoteza mmea mzima. Punguza saa za taa, kwa kuwa mimea iliyojeruhiwa mizizi haiwezi kula mwanga wote na mwani utakula badala yake. Lisha samaki kidogo mno. Pima amonia na nitriti kila siku katika wiki ya kwanza, na chochote kinachozidi sifuri kijibiwe kwa kubadilisha sehemu ya maji siku hiyohiyo, bila kungoja samaki waanze kuhema juu.

Udongo wa zamani usiutupe jaani, mradi tangi halikuwa la maji ya chumvi na hukutia dawa kali za samaki. Una mbolea ya miaka. Mimi huuchanganya kwenye vyungu vya maua, na yanaupenda.