Mwanakondoo akinona, faida inamwendea nani?

Mwanakondoo huachishwa kunyonya akiwa na miezi mitatu hivi, na hapo ndipo taabu ya mfugaji inapoanza. Maziwa yamekatika, na kama ni kiangazi, nyanda za Longido au Kajiado zimebaki na nyasi kavu ambazo protini yake mara nyingi haifiki asilimia 7. Mwanakondoo anahitaji asilimia 14 hadi 16. Atashinda malishoni kutwa na jioni arudi bomani mbavu zikihesabika.

Kwa hiyo wanaotetea kunenepesha, yaani kumlisha kondoo chakula cha ziada kabla ya kumuuza, hawabahatishi. Dorper, kondoo wa aina ya nyama, akilishwa vizuri pumba za mahindi na mashudu ya alizeti (makapi yanayobaki baada ya kukamua mafuta) anaweza kuongeza gramu 150 hadi 200 kwa siku. Tena anatoa nyama nyingi zaidi, kwa sababu mla nyasi hubeba tumbo kubwa lililojaa. Chukua kondoo wawili wa kilo 30: wa malishoni akitoa nyama asilimia 42 ya uzito wake, aliyenenepeshwa 48, hizo ni kilo 12.6 na kilo 14.4.

Sasa ile tofauti ya kilo 1.8 inalipwa na nani? Mnadani kondoo hutazamwa, hupapaswa mgongo na mkia, bei ikatajwa. Tofauti ya tumbo huonekana baada ya kuchinja, nayo huwa mali ya mwenye bucha, wakati mashudu alinunua mfugaji. Kila kilo moja ya uzito anayoongeza kondoo hai inaweza kula kilo 5 za chakula, na kadiri anavyokomaa ndivyo inavyokula zaidi, maana mwili hujenga mfupa kwanza, kisha nyama, mafuta mwisho. Kwa kondoo wetu mafuta hayo hukimbilia mkiani. Umaasaini yana heshima yake, mzazi hupikiwa. Mteja wa mjini huomba yakatwe.

Nafaka nyingi hufanya mafuta yawe laini, huku nyama ya malishoni ikiwa na omega-3 zaidi (mafuta yenye faida mwilini), ingawa harufu yake kali si kila mtu anaipenda. Kibaya zaidi, pumba zikiongezwa ghafla tindikali hujaa tumboni, na kwa kuwa zina fosforasi nyingi bila chokaa ya kutosha, madume huziba mkojo kwa vijiwe. Mfugaji aliyepoteza dume namna hiyo hasikii tena habari ya gramu 200.

Mimi ningenenepesha Dorper tu, kwa wiki sita hadi nane, nikizoesha chakula taratibu kwa wiki mbili za mwanzo, na pale tu ninapopata mnunuzi anayelipa kwa uzito wa nyama. Kondoo mwekundu wa Kimaasai, anayestahimili minyoo kuliko Dorper, ningemwacha malishoni na kumwekea mashudu kidogo jioni, gramu 200 hivi, mpaka mvua ishuke.