Shahada ya Uzamili ya Kukaa Kwenye Duara: Inatufaa Kigoma?

Kuna shahada ya uzamili ambayo mwanafunzi haanzi kwa kufundishwa namna ya kumtibu mtu. Anaanza kwa kukalishwa yeye mwenyewe kwenye duara la wenzake na kuambiwa alete jambo lake. Si jambo la kubuni. Ni mama aliyekosana naye akafa kabla hawajapatana, ni mtoto aliyemzika, ni bosi anayemnyima usingizi. Analifanyia kazi mbele ya darasa, na hayo ndiyo masomo. Nadharia ipo, vitabu vipo, lakini moyo wa mafunzo ni hapo. Saikodrama, tiba ambayo mtu huigiza jambo lake badala ya kulisimulia tu, ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Tiba ya Gestalt, inayomtaka mtu aangalie anachokihisi sasa hivi, na nyingine kadhaa zinakwenda njia hiyo hiyo.

Wapo vijana wenye digrii za ustawi wa jamii na saikolojia, wanaofanya kazi Kasulu, Kibondo na Kigoma mjini, wanaojiuliza kama inafaa kuhangaikia mafunzo ya namna hii wakati mashirika yanatoa kozi za wiki mbili na cheti juu. Mimi naona yanafaa. Ila yakiletwa yalivyo yataumiza watu, na kitakachoumiza si yale maigizo ambayo wengi huyacheka. Ni maksi.

Nianze na asili yake, maana wengi hudhani haya ni mambo ya Wazungu wenye nafasi. Jacob Levy Moreno, mwanzilishi wa saikodrama, alizaliwa Bucharest, Romania, mwaka 1889 na kusomea udaktari Vienna, Austria. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alifanya kazi kwenye kambi ya Mitterndorf, karibu na Vienna, iliyojaa wakulima wa Tyrol, eneo la milimani upande wa Italia, waliohamishwa makwao kwa sababu ya vita. Aliona jinsi watu walivyopangwa kwenye mabanda bila kuulizwa wangependa kukaa jirani na nani, na jinsi magomvi yalivyozaliwa humo. Mwaka 1916 akaiandikia serikali kupendekeza familia zipangwe kwa kufuata nani anamtaka nani. Marekani alikwenda baadaye, na kliniki yake ya Beacon, jimbo la New York, aliifungua 1936. Kwa hiyo mbegu mojawapo ya kazi yake ni kambi ya wakimbizi. Aliyewahi kugawa viwanja Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo na kuwapokea Warundi kuanzia 2015, hahitaji kuelezwa Moreno aliona nini.

Sasa tuingie darasani. Kikao kina sehemu tatu: kupasha moto, tendo lenyewe, kisha kushirikishana. Tuseme mwanafunzi ni afisa maendeleo ya jamii wa kata fulani huko Buhigwe, na jambo lake ni kaka mkubwa aliyeuza shamba la marehemu baba bila kumwambia mtu. Anamchagua mwenzake mmoja awe kaka. Anamsemesha. Maneno yanatoka makali, ya kawaida, yale ambayo amekuwa akiyarudia kichwani miaka yote. Ndipo mwezeshaji anasema: badilishaneni viti. Sasa yeye ndiye kaka, na anapaswa kujibu kwa kinywa cha kaka. Hapo ndipo watu hukwama. Mabega yanashuka, sauti inapungua, na mara anajisikia akisema kwamba ada za wadogo zake zililipwa na nani, na fedha za mazishi zilitoka wapi. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa anajua siku zote.

Likiisha tendo, duara linashirikishana, na kuna sharti moja: hakuna kutoa ushauri. Kila mtu aseme kilichomgusa kwenye maisha yake mwenyewe. Kwetu sharti hili ni gumu kuliko viti vyote. Sisi ni watu wa vikao. Mtu akileta shida, wazee wanapeana zamu na kila mmoja anatoa neno: mwite kaka yako, mwite na shemeji, nendeni kwa mjomba. Mwezeshaji aliyefunzwa vizuri anamkatisha mzee huyo kwa heshima na kumrudisha: na wewe, babu, limekugusa wapi? Kumkatisha mzee bila kumvunjia heshima hakuwezi kufundishwa kwa slaidi. Unajifunza kwa kukatishwa wewe kwanza.

Hoja ya upande wa pili ina uzito, tena wa namba. Vijijini Rakai na Masaka, kusini magharibi mwa Uganda, lilifanyika jaribio la tiba ya vikundi kwa watu wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, na matokeo yakachapishwa 2003. Walioongoza vikundi walikuwa wenyeji wa huko, wasio wataalamu, waliofundishwa kwa wiki mbili. Vikundi vilikutana wiki 16. Mwanzoni asilimia 86 ya waliopata tiba walikuwa na vigezo vya sonona kali. Mwishoni walibaki asilimia 6.5, ilhali kwenye vijiji vya kulinganishia, ambako vikundi hivyo havikuwapo, walibaki zaidi ya nusu. Hapa kwetu Nyarugusu umefanyiwa majaribio mradi wa Nguvu, uliokutanisha vikundi vya wanawake wa Kikongo waliopigwa na waume au wapenzi wao, nao ulitumia wawezeshaji wa kambini. Zote mbili si tiba za kuigiza; ni za kuzungumza, zenye hatua zilizoandikwa. Basi mtu ana haki ya kuuliza: kama wiki mbili zinatosha, nipoteze miaka ya nini?

Na miaka kweli inapotea. Marekani, anayetaka kuthibitishwa kuwa mtaalamu wa saikodrama anadaiwa shahada ya uzamili pamoja na saa 780 za mafunzo. Ukisoma wikiendi tu, saa nane Jumamosi na nane Jumapili, hizo ni wikiendi 49. Cheti cha tiba ya kisaikolojia cha Ulaya kinadai saa 3,200 kwa miaka saba, na 250 kati ya hizo ni za mwanafunzi kujishughulikia mwenyewe.

Jibu langu ni kwamba wale wa Uganda hawakuwa peke yao. Nyuma yao kulikuwa na wataalamu waliowafundisha na kuwasimamia. Wanawake ishirini wenye mwongozo mkononi wanaweza kuendesha vikundi ishirini, mpaka siku mmoja wa wanakikundi atakapoanza kutetemeka na kupiga kelele akiwa amerudi kwenye usiku wa kukimbia kwao. Mwongozo hauna ukurasa wa siku hiyo. Anahitajika mtu wa kupigiwa simu, na mtu huyo mkoa wa Kigoma unahitaji wachache tu. Tusidanganyane kwamba tunataka mamia.

Ila undani wa mafunzo peke yake hauleti usalama. Mwaka 1973 Lieberman, Yalom na Miles walichapisha utafiti wao kuhusu vikundi vya kufunguliana mioyo vya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na wakakuta karibu 8 kati ya kila 100 walioshiriki walidhurika. Madhara hayakufuata jina la aina ya tiba. Yalifuata tabia ya kiongozi. Waliodhuru zaidi walikuwa wale wenye mvuto, wanaosukuma watu wafunguke haraka.

Hapo ndipo narudi kwenye maksi. Chukua mhadhiri aliyesikia kwenye duara kwamba ulitoa mimba, kisha yeye huyo huyo anasahihisha tasnifu yako. Utafunguka kweli, au utajifunza kulia vizuri kwa ajili ya alama? Dar es Salaam unaweza kumkwepa. Kigoma mjini darasa la watu kumi na wawili litakuwa na shemeji yako, mwalimu wa mtoto wako na muumini wa kanisani kwenu, na ya duarani yatafika sokoni Mwanga kabla yako. Anayeongoza duara la wanafunzi asiwe na kalamu ya alama kabisa, na atoke mbali, hata Mwanza. Chuo kisichoweza kutimiza hilo kisianzishe shahada hii.

Kuna na mambo ya kwetu ambayo mtaala wa kuazima hautayaona. Mwambie mwanaume akae kiti cha mama mkwe na kusema kwa kinywa chake, wengi watagoma, na si kwa ukaidi. Weka kiti kitupu umwambie mjane azungumze na marehemu: mlokole atasimama na kuondoka, huku mwingine, aliyekulia karibu na ngoma za kubandwa, yaani za kupandwa na mizimu, akielewa kitu ambacho hukukikusudia. Kwa wavuvi wa dagaa wa Kibirizi hata ratiba ni suala; wanavua kwa taa usiku wa giza, hivyo kikundi chao kikutane siku za mbalamwezi, mitumbwi ikiwa nchi kavu. Mwanafunzi aliyefunzwa kwa mazoea ya Ulaya atapanga kila Jumanne na kulalamika watu hawaji.

Gharama sitazirefusha, ada za nje hutozwa kwa dola na mshahara wa halmashauri unajulikana. Linalonisumbua zaidi ni uhamisho. Afisa anaweza kumaliza mafunzo, akajenga vikundi vitatu Kakonko na kuzoewa na watu waliomweleza yasiyosemeka, kisha barua ikaja: ripoti Mtwara ndani ya siku kumi na nne. Halmashauri inayomruhusu mtumishi wake kusoma shahada hii imwekee kwanza maandishi kwamba hatahamishwa kabla vikundi vyake havijafungwa kwa utaratibu. Kama haliwezekani, fedha hizo ziende kwa wale wa wiki mbili, ambao angalau ni wenyeji na hawahamishwi na mtu.